Upepo wa Kiti cha Nyuma

Mwalimu Wanyonyi alikuwa hajawahi kukaa meza moja na mama mkwe wake, na jambo hilo alijivunia. Kwao Bungoma, alipokuwa mtoto, alimwona baba yake, mtu mzima mwenye ndevu, akirukia shamba la mahindi pamoja na baiskeli yake kwa sababu mama mkwe alikuwa anatokea njiani. Mzee akakaa humo na siafu zake mpaka yule mama akapita. Sasa Wanyonyi alipotaka kuoa Naserian, binti wa Kimaasai wa ng'ambo ya Kajiado, njia ya Bissil, watu walimwambia atagongana na mila za wenyewe. Hakugongana na chochote. Alikuta Wamaasai nao wana heshima ile ile: mkwe na mama mkwe hawakai karibu, hawali pamoja, hawaongei ovyo. Alimpa yule mama kondoo, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana Paker, ndivyo wanavyoitana watu waliopeana kondoo. Hata jina lenyewe waliitana kwa kutumana. Miaka kumi na moja. Kama ni mashindano ya heshima, hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake.

Ubaya wa heshima ya namna hiyo ni kwamba watu wasipoongea, kila kitu wanachofanya kinageuka kuwa maneno. Ukituma sukari kilo mbili badala ya tatu, umesema kitu. Ukipiga honi mara mbili pale langoni, umesema kitu, na watakaa jioni nzima wakijadiliana ulisema nini.

Mama huyu alikuwa ameshikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amebaki kuona mwanga na vivuli tu. Aliwatambua mbuzi wake kwa kuwapapasa masikio, na mwezi wa tano alikuwa ameshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu. Daktari wa macho huja Kitengela mara mbili kwa mwaka, na mgonjwa ni lazima apimwe kwanza, halafu apewe siku ya kupasuliwa. Kupimwa kukaangukia mwezi wa saba. Wanyonyi akasema, na akasema kwa sauti ili wote wasikie, kwamba Paker hatapanda gari la watu. Atabebwa na Noah ya mkwe wake.

Mwezi wa saba si mchezo kule. Watu hufikiri Kajiado ni jua na vumbi tu, lakini waulize wanaokamua ng'ombe alfajiri. Saa kumi na moja Wanyonyi alikuwa amefika bomani, ukungu umelala chini mpaka taa za gari zinarudi kumpiga machoni. Akageuza uso, mama akapandishwa kiti cha nyuma na shuka zake mbili. Lemayian, kaka yake Naserian, akakaa mbele kama mtu wa katikati. Wanyonyi akainua kioo cha kuangalia nyuma mpaka kikaonyesha paa tupu. Kisha akafanya jambo alilokuwa amelipanga tangu usiku. Noah ina hita mbili, ya mbele na ya nyuma, na ile ya nyuma hupulizia miguuni. Akazima ya mbele kabisa, ya nyuma akaizungusha mpaka mwisho. Yeye na Lemayian walikuwa na majaketi. Joto lote, akasema moyoni, liende kwa Paker.

Feni ikanguruma nyuma njia nzima. Lemayian akaongea habari za ndama wake, akaongea habari za diwani, akaongea tena habari za ndama. Mama hakutoa neno. Walipopita Isinya tu ndipo alipomwuliza mwanawe kitu kifupi kwa Kimaasai, Lemayian akajibu kifupi, wakanyamaza. Wanyonyi aliusikia ule ukimya nyuma yake akaupokea kama shukrani. Amepata joto, akawaza, amesinzia. Walipofika Kitengela, nyumbani kwa Wanyonyi, Naserian akampokea mama yake, na Wanyonyi akaenda shuleni kufundisha akijisikia mkwe kamili.

Mama alipimwa, akapewa Alhamisi ya wiki mbili mbele, na kesho yake, Wanyonyi akiwa shuleni na gari, ikabidi Naserian amrudishe nyumbani kwa matatu.

Jumatatu ya wiki ile ya kupasuliwa, Lemayian akapiga simu.

"Shemeji," akasema, na kicheko kilikuwa tayari kinamtoka, "hebu niambie ukweli. Ile gari ulinunua kwa bucha?"

"Bucha gani?"

"Yieyo," akasema, akimtaja mama yake kwa Kimaasai, "aliniuliza pale Isinya kama hii ni gari ya kubebea nyama. Nikamwambia hapana, ni ya mwalimu."

Wanyonyi hakuelewa. Lemayian akamweleza, akicheka kidogo kidogo, kwamba ule upepo wa nyuma ulikuwa baridi. Baridi kweli. Tangu Bissil mpaka Kitengela ulikuwa unampuliza mama miguuni.

"Na wewe ulinyamaza?"

"Mimi nilikuwa mbele na jaketi, Shemeji. Nilidhani ni mambo yenu." Hapo kicheko kikakatika. "Lakini sasa haichekeshi. Leo nimemwambia ajiandae kwa Alhamisi, amekataa. Anasema mkwe amemwambia abaki kwake. Hukuweza kumwambia kwa mdomo, ukamwambia kwa upepo."

"Mimi?"

"Eeh. Anasema hana kinyongo, amekusikia. Giza lake analijua, amelizoea. Atakaa nalo."

Wanyonyi alikuwa chumba cha walimu. Akatoka nje na simu yake, akasimama nyuma ya tangi la maji ambapo wanafunzi wasingemwona. Alhamisi hii ikipita, daktari kurudi ni mwaka ujao, na wale wa kliniki walikuwa wamesema wazi kwamba jicho la kushoto halina muda huo. Mama wa watu atakuwa kipofu, na atakayekuwa amempofusha ni mkwe aliyemletea hita.

Jioni alimweleza Naserian. Naserian aliacha kukata sukuma wiki.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Siku ile miguu yake ilikuwa kama ya maiti. Nilimwuliza, akaniambia ni uzee. Amekufichia, baba Nasieku. Amekufichia kwangu mimi, mtoto wake."

Afadhali angemtukana.

Jumanne baada ya masomo Wanyonyi aliingiza Noah kwa gereji ya Ngugi, kando ya barabara ya Namanga, na kabla hata ya kuzima injini alikuwa ameanza.

"Ngugi! Umenipaka matope mbele ya wakwe zangu! Nakuletea gari miaka minne, na hita inatoa baridi! Ni kazi gani hii mnafanya hapa?"

Mafundi wakanyanyua vichwa. Keziah, mama wa spea mwenye duka lililopakana na gereji, akaacha kuhesabu boliti zake akatoka mlangoni kusikiliza vizuri.

"Mwalimu, shuka kwanza," Ngugi akasema akijipangusa mikono. "Wacha niiangalie, halafu utanichapa."

Alingoja injini ipoe, akafungua mdomo wa redieta. Maji yalikuwa juu. "Maji iko," akasema. Akawasha gari, akawasha hita ya mbele, akaweka kiganja pale inapotokea hewa. Dakika kumi. "Vuguvugu. Kama chai ya kuachiwa. Kuja uangalie huu mshale wa joto, Mwalimu. Umelala chini kabisa. Kama injini yenyewe haipati moto, hita itaomba wapi?"

Akashika paipu ya juu ya redieta, akamwita Wanyonyi aishike pia. "Hii haifai kupata joto haraka hivi. Maji yanazunguka tu kwa redieta tangu ukiwasha, hayana wa kuyazuia. Hapa hakuna thamostati."

Wanyonyi alijua thamostati ni nini. Alikuwa anaifundisha: kile kidude kinachofunga maji yasiende kupozwa mpaka injini ishike moto kwanza, ndipo kifunguke. Akapandisha sauti tena.

"Nani ameitoa? Ngugi, nani? Huyo si fundi, huyo ni mwizi! Mtu anatoaje thamostati kwa gari ya wenyewe?"

Fundi mmoja akajifanya anatafuta spana. Keziah hakujifanya kitu.

"Woi, Mwalimu," akasema, "kweli umesahau?"

"Nimesahau nini?"

"Ni wewe," Ngugi akasema, na aliisema polepole, kama hataki. "Mwaka juzi, gari ilichemka ukitoka Namanga. Ile ya zamani ilikuwa imekwama. Nikakuambia tuweke mpya. Ukaniambia thamostati ni ya Wajapani, ya watu wa theluji. Ukasema niitoe nisiweke kitu, eti huku Kajiado jua ni hita ya kutosha."

"Na mimi nilikuwa nimetoa mpya kwa shelfu, nimeipangusa hadi vumbi," Keziah akaongeza. "Ukaniambia nikaiuze kule ncha ya dunia. Watu walicheka hapa! Nikasema huyu mwalimu ana maneno."

Ikamrudia yote. Alikumbuka hata shati alilokuwa amevaa. Alikumbuka raha ya kuchekesha mafundi, yeye msomi, akiwaeleza habari za hali ya hewa ya nchi za mbali huku ameweka mguu juu ya gurudumu.

"Si wewe unafundisha watoto mambo ya joto?" Keziah akauliza, na safari hii hakuwa anacheka sana.

"Ilete," Wanyonyi akasema. "Hiyo mpya."

Ikawekwa. Ngugi akajaza maji, akaacha injini ikiunguruma mdomo wa redieta ukiwa wazi, mapovu ya hewa yakawa yanapanda moja moja kama ya sufuria ya uji, mpaka yakaisha. Mshale ukanyanyuka ukasimama katikati. Mbele pakatoka hewa ya moto, ile moto ya kweli, na Wanyonyi akaachia pumzi. Ngugi yeye akazunguka akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti.

"Nyuma bado. Hapa ni baridi ya Limuru kabisa."

Akalala juu ya katoni akaingia chini ya gari. Alikaa huko kitambo. Aliposema neno, alisema, "Mwalimu, kuja uone mwenyewe."

Wanyonyi akalala na suti yake. Chini pale, karibu na gurudumu, zile paipu mbili zinazopeleka maji ya moto nyuma zilikuwa zimekatwa, na ncha zake zimeunganishwa kwa kichuma kilichopinda, kila upande na klipu yake. Maji yalifika hapo yakageuka yakarudi mbele. Feni ya nyuma haikuwa imeguswa. Kilichokatwa ni joto, upepo ukaachwa.

Mara hii hakuna aliyehitaji kumwambia. Hita ya nyuma ilivuja mwaka ule ule, ikalowesha zulia. Ngugi akataka kuitengeneza. Na yeye Wanyonyi, akiwa na haraka ya kwenda mkutano wa wazazi, alijibu bila kugeuka: "Kata, unganisha hapo. Nyuma hukaa watoto na mizigo."

Alibaki amelala chini ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ngugi naye hakutoka. Wanaume wawili wakatazama kile kichuma.

"Waambie ni mimi," Ngugi akasema mwishowe. "Sisi mafundi tumezoea kutupiwa. Kule Kajiado hawanijui. Haitaniuma."

Na Wanyonyi, Mungu amsamehe, alikubali. Alitoka chini, akapangusa magoti, akampigia Lemayian simu pale pale, Ngugi akiwa amesimama hatua mbili. Akasema imegunduliwa kwamba fundi mmoja asiye na akili alikata paipu bila ruhusa. Alipokuwa anasema "asiye na akili" Ngugi aliinama akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Robo saa haikuisha, Lemayian akarudisha simu.

"Nimemwambia Yieyo. Anauliza kama huyo fundi anamjua."

"Amjue wapi?"

"Ndiyo anachosema. Fundi hamjui, kwa hivyo fundi hana neno naye. Anayemjua ni mwenye gari." Lemayian akasita. "Haji, Shemeji."

Keziah alikuwa na hita ya nyuma ya Noah nyingine iliyochinjwa kwa spea. Ngugi akaifunga bila kuongea mpaka jua likashuka, na ilipotoa joto akamwita Wanyonyi aweke mkono, kisha akaenda kunawa. Wanyonyi alitaka kumwambia kitu, akaishia kumlipa.

Jumatano asubuhi aliomba ruhusa shuleni akashika barabara ya Kajiado peke yake. Bomani alifanya kama mila inavyotaka. Mama alikuwa ndani ya nyumba, yeye akasimama nje, mgongo wake kwenye ukuta wa mabati, akiwatazama mbuzi. Lemayian akasimama mlangoni, katikati yao.

"Lemayian," Wanyonyi akaanza, kwa sauti ya kufika ndani, "mwambie Paker kwamba katika mfumo wa kupoza injini kuna kifaa kinachodhibiti mzunguko wa..."

"Shemeji," Lemayian akamkata, "hiyo sina Kimaasai yake."

Basi ikabidi aseme yenye Kimaasai.

"Mwambie ni mimi. Mwambie fundi hakukosa, jana nilidanganya. Ni mimi nilimwambia fundi akate joto la nyuma, kwa mdomo wangu, miaka miwili iliyopita. Halafu nikasahau. Siku ile nilifungulia upepo nikidhani ni joto. Sikumtumia neno lolote. Mwambie nilikata kwa sababu nilisema nyuma hukaa watoto na mizigo, sikufikiria kuna siku atakaa mtu."

Lemayian akatafsiri. Ilikuwa fupi zaidi kwa Kimaasai, na ilisikika mbaya zaidi. Mbuzi mmoja akaja akamnusa Wanyonyi mfukoni. Kisha sauti ya mama ikaanza, chini, bila haraka, na Lemayian akawa anaangalia viatu vyake kadiri ilivyokuwa inaendelea.

"Anasema nini?"

"Anauliza, hao watoto wanaokaa nyuma. Miaka miwili. Wao walikuwa hawasikii baridi?"

Wanyonyi alimwona akilini binti yake Nasieku, miaka tisa, akipanda gari kila asubuhi na sweta mbili, akikunja miguu juu ya kiti. Alikuwa akimgombeza kila siku. Shusha miguu, unachafua kiti.

"Anasema," Lemayian akaendelea, na sasa hakukuwa na mzaha wowote kwa sauti yake, "yeye alinyamaza kwa sababu wewe ni mkwe wake. Hiyo ni heshima. Lakini watoto wako walinyamaza kwa nini?"

Jua lilikuwa limeshapasha mabati, mgongo wa Wanyonyi ulikuwa unaungua, na hakusogea. Alikuwa mtu wa maneno, kama Keziah alivyosema.

"Mwambie sijui," akasema. "Mwambie nimeona aibu."

Lemayian akasema. Ndani pakasikika fimbo ikigusa sakafu, na shanga zikalia, mtu anainuka.

"Anasema uwashe gari. Lakini mimi nitangulie kukaa pale nyuma, nivue viatu."

Lemayian akakaa nyuma miguu mitupu, saa nne ya asubuhi, hita ikiwa mpaka mwisho na milango imefungwa. Mama akasimama nje ameshika mlango, anangoja. Baada ya dakika chache Lemayian akaanza kupiga kioo. Mama akamwacha apige kidogo zaidi, kisha akafungua, akapapasa uso wote wa mwanawe uliolowa jasho, akacheka kicheko kimoja kifupi. Akapanda, Lemayian akahamia mbele.

Njiani Wanyonyi hakutulia. "Muulize kama ni sawa." Baada ya Kajiado: "Muulize tena." Lemayian aliuliza mara tatu, halafu lile joto na usingizi vikamshinda, kichwa kikaanguka kwenye kioo, akaanza kukoroma. Hakukuwa tena na mtu wa katikati. Wanyonyi akashika usukani kwa mikono yote miwili. Kilomita zikapita. Nyuma yake mama akakohoa, akanyamaza, akakohoa tena.

"Imetosha," sauti ikasema, kwa Kiswahili. "Punguza."

Miaka kumi na moja, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake. Hakujua kama anaruhusiwa kulijibu. Akanyoosha mkono akapunguza.

Kitengela Naserian alikuwa langoni, na Nasieku alikuwa ametoka shuleni kwa chakula cha mchana. Mtoto akakimbilia mlango wa nyuma kumkumbatia bibi yake, akapanda, na mguu wake ukafika pale chini ya kiti. Akashtuka.

"Inatoa joto!"

"Imetengenezwa," Wanyonyi akasema. Alikuwa ameshuka, amesimama upande wa dereva uso ameugeuzia barabarani, kama inavyotakiwa. "Nasieku. Kwa nini hukuniambia nyuma kuna baridi?"

Wanyonyi alisikia mtoto akisogea karibu na bibi yake.

"Nilidhani ndivyo ulivyotaka," akasema.

Naserian akamsaidia mama yake kushuka. Wakampitisha nyuma ya Wanyonyi, hatua kwa hatua, fimbo ikigusa mawe, kuelekea nyumbani ambako kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, maana kliniki walikuwa wamesema afike kesho saa moja na nusu asubuhi, kabla hajala kitu. Wanyonyi alibaki anatazama barabara. Wakati wa kugeuka, mama akishapita, ulifika ukapita, mlango wa nyumba ukafungwa, na yeye bado alikuwa amesimama vile vile, injini inaunguruma.